Habari za Kuingizwa Pikipiki Katika Karavani ya Hatibu, Fundi Redio wa Kalangalala

Sogeeni, enyi mlio karibu, na mlio mbali tegeni sikio. Mwenye kusonga ugali na auache mwiko usimame, na mwenye kuzozana na jirani na aahirishe ugomvi wake hadi jioni. Vita vya majemadari vimekwisha kusimuliwa, na miji iliyotekwa imepata wa kuililia. Lakini habari ya Hatibu bin Zamoyoni, Mfufua Redio, Mjuzi wa Waya Mwekundu na Waya Mweusi, aliyeipenyeza pikipiki ndani ya nyumba isiyotaka kuipokea, hiyo haikuwa na msimulizi hata leo, nayo ni aibu iliyotulemea kwa muda mrefu.

Katika miaka ya sabini, mjini Geita, mtaa wa Kalangalala, Hatibu alimiliki karavani: nyumba ya bati juu ya magurudumu mawili, isiyo na injini, iliyoachwa na Mzungu mpima miamba baada ya dhahabu kumkatisha tamaa. Upande wa kulia ilikuwa na kitanda, wa kushoto jiko na rafu za redio, na katikati njia nyembamba ya kumtosha mtu mmoja asiye na haraka. Landrova kuukuu iliikokota mnada hadi mnada, kutoka Geita hata Runzewe kule Bukombe. Hatibu alitengeneza redio za wakulima wa pamba, na mkewe Mwahija, Mama Salehe, alikaanga maandazi ambayo harufu yake iliwahi kuwasahaulisha wachungaji ng'ombe wao.

Na nyuma ya karavani, imefungwa kamba kama mateka wa vita, ilikuwapo pikipiki: ndefu, nyembamba, madigadi yake juu, matairi yake yenye meno, chombo kilichoumbwa kwa ajili ya matope na mashimo. Kwa pikipiki hiyo Hatibu alifika vijiji ambavyo landrova ilivitazama kwa mbali ikaghairi. Aliondoka asubuhi akarudi siku nyingine kabisa, na Mwahija akabaki mnadani peke yake pamoja na redio zisizosema. Mwahija aliiita pikipiki ile "bi mdogo." Hatibu alidhani ni utani.

Sasa sikieni chanzo cha vita. Siku moja huko Runzewe, Hatibu alipokuwa ameelekeza uso wake kwenye bakuli la uji, watu wasiojulikana walikifungua kiti cha pikipiki wakaenda nacho. Hawakugusa kitu kingine. Shujaa ikambidi kwenda vijijini akiendesha wima, mithili ya mtu anayehutubia taifa, na watu wa kando ya njia wakavua kofia kwa heshima ambayo hakuielewa mara moja. Alirudi, akasimama mbele ya mkewe, akanena:

"Leo wamechukua kiti, kesho watachukua gurudumu. Bila chombo hiki vijijini hapafikiki, na msimu wa pamba ndio unaotulisha mwaka mzima. Kuanzia sasa pikipiki italala ndani."

"Ndani ya nani?" akauliza Mwahija, akigeuza andazi.

"Ndani ya karavani."

Mwahija akaliopoa andazi, akaliweka kwenye sinia, akafuta mikono kwa kanga yake pasi na haraka, kama kadhi anayejiandaa kusoma hukumu.

"Baba Salehe," akasema, "nimekula vumbi la barabara zote za Bukombe nawe, nimelala nikisikiliza fisi wakijadiliana kuhusu sisi, sikulalamika. Lakini bi mdogo kuingizwa chumbani kwangu, tena bila hata kushauriwa, hilo sijapata kulisikia kwa yeyote. Haya, mlete. Ila kitanda changu hakikatwi, jiko langu halihamishwi, na mimi sitahamia uvunguni mwa landrova."

Hatibu akainamisha kichwa, kwa kuwa masharti yalikuwa ya haki, na kwa kuwa ndani ya sauti ile alisikia jambo jingine ambalo hakuweza kulikamata, kama stesheni ya mbali inayopita upesi mshale unapozungushwa.

Waliporejea Geita akamwendea Maganga mchomeleaji, mwana wa Shinyanga, Mgongo wa Nyati, mtu ambaye mageti yote ya Kalangalala yalimjua na kumwogopa.

"Mhola?" akasalimu Hatibu, kwa Kisukuma chake cha kuazima.

"Mhola duhu," akajibu Maganga, akavua miwani yake myeusi. Akaenda akaizunguka karavani, akaupima mlango wa ubavuni kwa mkono wake, akatikisa kichwa. Kisha akaweka kiganja kwenye ukuta wa nyuma, akasema kwa upole, kama mganga anayezungumza na jamaa wa mgonjwa, "Bhabha, ukuta huu hautapona."

Ndipo vita vikaanza. Msumeno ukauma, bati likapiga yowe, kuku wa mtaa mzima wakahama makazi, na cheche zikaruka hata wazee waliokuwa wakicheza bao wakasogeza ubao wao mara mbili. Ukuta wa nyuma ukatengwa na ndugu zake, ukafungwa bawaba kwa chini, ukawa mlango mmoja mkubwa: ukifungwa ni ukuta, ukishushwa ni daraja la kupandia. Kiti kipya nacho kikatengenezwa, cha ubao na gunia lililojazwa sufi. Kitanda hakikuguswa. Jiko halikuguswa. Hatibu akatazama kazi yake, moyo ukamvimba kifuani kama andazi katika mafuta.

Jioni hiyohiyo, wingu jeusi likiinuka kutoka upande wa ziwa, pikipiki ikasukumwa kupanda daraja. Gurudumu la mbele likaingia. Kisha ikasikika ngo. Usukani ulikuwa umegonga mhimili wa juu, ule unaobeba paa zima.

"Ikunje mikono ya usukani," akasema Hatibu.

"Ilikatika mwaka juzi, nikaichomelea mimi," akajibu Maganga kwa huzuni, naye hakuwa mtu wa kuchomelea jambo nusunusu.

"Basi tuilaze ubavu."

Ikalazwa kidogo, ikagusa kitanda. Ikalazwa upande wa pili, ikagusa jiko. Na kutoka kando Mwahija akakohoa kikohozi kisichokuwa cha mafua. Wakapunguza upepo wa matairi. Bado ulibaki unene wa kidole, na kidole hicho kilisimama baina ya Hatibu na msimu mzima kama mlima usio na njia. Ngurumo ikapiga. Ndani ya karavani, ambayo sasa haikuwa na mgongo, redio za watu zilikaa rafuni zikingoja mvua.

Hatibu, kwa kukata tamaa, akaketi juu ya kiti kipya. Lahaula, shokamzoba zikashuka, na usukani ukashuka nazo. Lakini zilishuka kidogo tu, kwa kuwa alikuwa mwembamba kama waya wa antena. Akakaa Maganga, zikazama vizuri sana, ila aliyebaki kumsukuma Maganga alikuwa Hatibu, na pikipiki haikutikisika hata kwa adabu. Polepole, bila kutaka, macho ya wanaume wale wawili yakageuka kumwelekea Mwahija, aliyejaliwa mwili wa fahari, mke ambaye kila benchi alilokalia lilitambua kuwa limekaliwa.

Hatibu akamwendea kwa hatua za balozi.

"Mama Salehe," akaanza, "yako mambo ambayo Mwenyezi Mungu humpa mja mmoja, akamnyima mwingine. Kuna wenye elimu, kuna wenye sauti. Na kuna wale ambao uwepo wao, yaani, utulivu wao mahali walipo…"

"Sema uzito, Baba Salehe. Mvua hiyo."

"Uzito," akasema Hatibu.

"Uzito wangu siuonei haya, nimeupata kwa jasho langu mwenyewe," akasema Mwahija. "Ninalokuuliza ni hili. Tangu ununue chombo hiki umempandisha mzee wa mnada, umempandisha katekista wa Ushirombo, umempandisha mbuzi. Mimi je? Ni lini uliniambia, Mwahija, panda twende?"

Hatibu akawaona moyoni wale wote aliowapakia njiani, hata yule mbuzi; kisha akaiona karavani kila alipoiacha, na mtu mmoja mlangoni akipungua, akipungua, hata kona ikamficha. Hakuwahi kugeuka kumtazama mara ya pili. Alidhani mkewe anapenda kupumzika.

"Sikuwahi," akasema. Halafu, kwa kuwa hotuba zote zilikuwa zimemwishia, akaongeza, "Panda, Mwahija. Na kesho kutwa, tukifika Runzewe, panda twende."

Mwahija akajifunga kanga kiunoni. Akaketi, na shokamzoba zikatoa pumzi ndefu kama ngamia apigaye magoti. Maganga akasukuma kwa nyuma, mishipa imemsimama shingoni. Hatibu akavuta kamba kwa mbele, miguu ikiparura sakafu. Mhimili ulipokaribia, Mwahija, ambaye hajapata kumwinamia mtu katika mnada wowote, akainamia tangi. Mikono ya usukani ikapita chini ya chuma bila kukikwaruza. Gurudumu la nyuma likafuata. Ukuta ukainuliwa, komeo likapigwa, na tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya bati lililokwisha kufungwa.

Wazee wa bao wakapiga makofi. Maganga akaketi kwenye tope akacheka hadi machozi. Ndani, Mwahija alibaki juu ya pikipiki yake katikati ya njia nyembamba, akagundua kwamba kutoka pale analifikia jiko bila kunyoosha mkono, akabandika chai.

Wako wafalme waliopitisha majeshi milimani, wakasifiwa. Na wasifiwe, hatuna kinyongo. Bali Geita ilimpata Hatibu, na historia na iandike kwamba siku ile chombo kirefu kiliingia mahali pafupi, redio zikabaki kavu, na ndoa ikabaki na kitanda chake. Na iandike pia kwamba kutoa ilikuwa sawa na kuingiza: pasipo Mwahija kuketi, pikipiki haikutoka. Kwa hiyo fundi aliyezoea kuondoka peke yake hakuondoka tena peke yake, wala hakulalamika, wala hakumwita Maganga aje apunguze ule usukani. Na katika vijiji vya Bukombe, waliposikia mlio unakuja, watu wakaanza kutoa viti viwili.