Nimeenda Oicha Kutafuta Kakao

Jumatatu, 9 Juni
Nimechoka na Butembo. Diploma ya chuo kikuu iko ukutani, mimi niko sokoni napima maharagwe ya mama. Leo parokiani wamebandika programu za vijana kwenda ng'ambo mwaka mzima, kufanya kazi na kujifunza. Kanada, kuchuma matofaa: baridi. Ujerumani, hoteli: lugha yao itaniua. Ubelgiji, ng'ombe wa maziwa, Kifaransa tupu. Nimechagua Ubelgiji. Ng'ombe simjui, lakini maziwa nimekunywa tangu utotoni. Nafasi ni moja tu. Jirani yangu Syauswa naye kaichagua. Jamaa huyu! Nikipata mafua, naye anayataka.

Jumatano, 11 Juni
Safari haitangazwi. Ukisema unaondoka, jicho la husuda la jirani litafika ubalozini kabla yako. Nimewaambia mama na dada yangu Solange tu, nikawaapisha. Mtu yeyote akiuliza, hata askofu, mimi Muyisa nimeenda Oicha kutafuta kakao. Mama ameapa kwa rozari. Syauswa, mjinga, ametangazia mtaa mzima. Mafundi pikipiki wanamwita "Monsieur Belgique". Kwisha habari yake!

Ijumaa, 13 Juni
Mahojiano Beni. Mvua, matope, vizuizi. Kila askari aliuliza naenda wapi, nikasema Oicha. Madame Christa wa programu aliuliza ng'ombe ana chuchu ngapi. Nikasema inategemea umri. Alicheka sana, akasema angalau nina moyo. Tumebaki wawili, Syauswa na mimi. Sasa atapigia familia simu, kuhakikisha zimekubali kijana aondoke. Nikampa namba ya mama. Nimerudi nikiimba.

Jumapili, 15 Juni
Sikwenda misa. Siwezi kutoka, niko Oicha. Nimelala chumbani na pazia limefungwa. Solange anasema padri amemwombea Syauswa safari njema mbele ya watu wote, na wamempigia makofi. Maskini, hajui kinachomsubiri.

Jumanne, 17 Juni
Mama kaingia anang'aa. Mwanamke wa Kifaransa kingi alipiga simu, akauliza kama familia imekubali Muyisa aende Ubelgiji. Mama akautambua mtego palepale. Akajibu: "Muyisa hayiko! Alienda Oicha kutafuta kakao. Hapa hakuna mutu wa kwenda Ulaya, na hatutaki!" Solange akanyakua simu, akaongeza kwamba mimi hata daraja naliogopa.

Mama alisimama akingoja sifa. Nikamshukuru. Ningefanya nini? Aliapa kwa rozari. Nikampigia Madame Christa mbio. Akasema kwa upole nafasi amepewa Syauswa. Kwao bibi alijibu ndiyo kabla hajaulizwa. "Lakini monsieur, familia yako yote inasema uko Oicha." Nimelia nyuma ya magunia ya maharagwe. Nilikuwa naitaka ile safari kweli.

Alhamisi, 19 Juni
Syauswa kaja kuaga. Akauliza kakao ilikuwaje. Nikasema msimu mbaya. Akanikumbatia, akasema Mungu atanifungulia na mimi. Jicho lilishindwa vipi na huyu? Sielewi.

Parokiani kuna tangazo jipya: Italia, kuvuna zabibu. Nimekaa nimefikiri, na kosa langu nimeliona. Watu wawili walijua! Safari hii hajui mtu. Mama nimemwambia naenda Mangina. Fomu nimeipeleka leo, jina si langu, mahali pa simu nimeacha wazi. Hata wenye programu hawatajua ni mimi.