Jinsi ya Kuchakaza Vishikwambi vya Shule

Jumatatu, 8 Septemba

Mwalimu Mkuu, Madam Tupas, kaniita ofisini kabla sijamaliza mkate wangu. Alhamisi anakuja mgeni kutoka ofisi ya elimu ya mkoa kukagua mpango wetu wa teknolojia. Nikaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa akiungoja ugeni huo kwa hamu.

Mpango niliuandika mimi, mratibu wa TEHAMA. Cheo hiki hupewa mtu aliyewahi kuchomoa karatasi iliyokwama kwenye printa, basi. Niliandika kwamba darasa langu la tano linatumia vishikwambi kila siku. Ukweli ni kwamba viko kabatini, ndani ya maboksi, tangu vilipoletwa mwaka juzi. Hakuna mwalimu anayekubali kuvisainia. Ukisaini ni vyako, kikivunjika unakatwa mshahara. Sisi si wajinga.

Madam Tupas kasema, kwa ule upole wake unaotisha, kwamba mratibu asiye na cha kuonyesha atapelekwa shule ya Igbangkal. Igbangkal! Mlimani kabisa. Unavuka mto uleule tena na tena, viatu umevining'iniza shingoni, ruba wanakusubiri ng'ambo. Umeme hakuna. Mimi nina goti bovu na mke asiyekosa tamthilia ya jioni. Siendi.

Jumanne, 9 Septemba

Nimepata wazo. Vishikwambi havihitaji kutumika. Vinahitaji kuonekana vimetumika.

Nikavisainia vyote. Perlita akachungulia dirishani. Huyu ni mwalimu wa darasa la sita, na ni adui yangu tangu aliponipokonya uongozi wa kwaya ya walimu. Akauliza kama naandika wosia. Nikafunga dirisha.

Watoto walipoondoka nikanunua ndizi za kukaanga zile za kijiti, zilizoganda sukari. Nikawa nakula huku nikivishika kimoja kimoja. Alama za vidole zikatoka vizuri mno. Nikabandika na stika za wachezaji wa mpira wa kikapu. Kimoja nikakikwaruza kwa ufunguo, roho ikaniuma kama nimejikwaruza mwenyewe. Ukiviona utasema vimesomesha kizazi kizima. Nimelala kwa raha.

Jumatano, 10 Septemba

Sisimizi.

Wametoka dirishani mpaka kabatini, foleni moja, kwa nidhamu ambayo darasa langu halijawahi kuwa nayo. Perlita kasema hatimaye vishikwambi vyangu vimepata watumiaji wa kila siku. Walimu wote wakacheka, hata Madam Tupas. Asubuhi nzima nimepuliza matundu ya chaji mpaka kizunguzungu. Kuna kimoja nilikiwasha, sisimizi akapita chini ya kioo, upande wa ndani.

Nilifikiri niwafundishe watoto leo, japo kuwasha na kuzima tu. Umeme ukakatika. Uliporudi walikuwa wameshaenda nyumbani. Nimebeba vyote kwa bajaji nikavichaji kwangu. Mke kauliza kama nimefungua duka la simu, na kama duka hilo lina faida. Sikuweza kula. Namwona mgeni akimuuliza mtoto yeyote swali lolote, na mimi naona mto, na ruba.

Alhamisi, 11 Septemba

Mgeni anaitwa Bi Obdulia Sarabia. Mnene, mpole, kalamu mkononi. Alikula tambi sahani mbili na nikaanza kuomba Mungu ashibe mpaka asinzie. Hakusinzia. Akataka kuwaona watoto wakiwa kazini.

Nikawagawia. Nikawaambia wafanye kama wanavyofanya kila siku. Wakanitazama. Nikafumba macho.

Nilipofumbua, walikuwa wameshaviwasha na kukuta mchezo wa hesabu. Safu ya mbele inashindana na safu ya nyuma kwenye hesabu za sehemu. Wengine wamenipiga picha na kukichorea nywele kipara changu. Yaani miaka miwili nimeogopa kuwafundisha kitu ambacho hawakuhitaji kufundishwa! Bi Sarabia akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaangalia vidole vyake, vinanata. Nikajua nimekwisha. Lakini akasema shule zote alizopita vifaa vinang'aa kwa sababu havijatoka kwenye maboksi, na kwamba kifaa cha shule kinatakiwa kiwe kichafu hivi. Akaandika sana.

Nimeokoka. Nimemaliza tambi zilizobaki, sufuria zima.

Ijumaa, 12 Septemba

Madam Tupas kaniita akiwa anatabasamu. Hilo lilipaswa kunishtua.

Bi Sarabia ameipa shule yetu sifa. Amependekeza pia kwamba mtaalamu wa aina yangu asipotelee hapa mjini. Igbangkal wamepelekewa vishikwambi na hakuna anayethubutu kuvigusa. Naanza Oktoba.

Nikaomba maji. Perlita aliniletea, akanishikia na glasi. Hilo liliniumiza kuliko kejeli zake zote.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya misa nimeandika barua kwa Bi Sarabia. Nimemwambia sifa zile si zangu. Yote ni kazi ya Mwalimu Perlita, mimi nilibeba maboksi tu. Akili ni yake, subira ni yake, hata uchafu ule ni ubunifu wake. Nimemsifu mpaka vidole vimekakamaa. Apande yeye huko mlimani, ana magoti mazima.

Jumatano, 17 Septemba

Majibu yamekuja. Perlita anapelekwa ofisi ya mkoa, yenye kiyoyozi, kuwa mratibu wa shule zote. Kuhusu mimi, Bi Sarabia anasema mtu mnyenyekevu kiasi hiki, anayewaachia wenzake sifa, ndiye hasa anayewafaa watu wa mlimani. Naanza Oktoba ileile.

Perlita amekuja na wali wa nazi uliofungwa kwenye majani. Kasema, kaka Anto, kumbe miaka yote nilikuwa nakufikiria vibaya. Nilikula. Ulikuwa mtamu, Mungu anisamehe.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimeamka na wazo. Nimeandika mpango wa teknolojia wa Igbangkal, miaka mitatu. Ukurasa wa kwanza unaeleza kwamba, kwa kuwa kule hakuna umeme wala mtandao, mratibu ataishi mjini na kupanda mlimani wakati wa kiangazi, goti likiruhusu. Sioni kasoro.

Lazima upitie kwa mratibu wa mkoa, kwa hiyo nimempelekea Perlita mkononi. Kausoma wote taratibu. Kasema ni mzuri, atarekebisha ukurasa wa kwanza kidogo tu, na ili asinisumbue tena nimwachie karatasi tupu yenye saini yangu. Nimempa mbili. Kumbe ni mwanamke muungwana kabisa.

Nimemwambia mke wangu asifungashe kitu.