Presha ya Mama Heri

Jumatano, 2 Julai

Zahanati asubuhi. Nesi kanifunga mkono, kapuliza, kaangalia, kanyamaza. Kafungua, kafunga mkono wa pili. Nikajua si habari njema. Presha iko juu.

Akaniuliza kazi. Fundi cherehani. Akauliza kutoka nyumbani hadi kibandani kwangu naendaje. Nikamwambia bodaboda. Akauliza ni mbali? Nikasema ni hapo hapo Misunkumilo, ukisimama mlangoni kwangu unakiona kibanda. Nesi akaandika kitu kirefu.

Kanipa dawa na amri: nitembee kila siku mpaka nitoke jasho, na baada ya mwezi nirudi. Nikasema sawa.

Mama yangu alianguka jikoni kwa presha hii hii. Upande mmoja ukalala, akaishi hivyo miaka miwili. Hayo sikumwambia nesi. Nimerudi nyumbani kwa bodaboda, nikiwa na mawazo.

Jumamosi, 5 Julai

Wifi Getrude amekuja wakati tunakula. Ni dada wa mume wangu Gaspar, mwembamba kama uzi, na anajua. Ameanzisha kikundi cha akina mama wa jumuiya, wanatembea alfajiri. Akasema mbele ya kaka yake kwamba hanilazimishi, kila mtu na mwili wake.

Gaspar akacheka, mkono ukiwa bado kwenye mboga. Akasema huyu akitembea mpaka barabarani atahitaji kusindikizwa kurudi.

Nikasema Jumatatu nipo. Nikasema nitakuwa mbele.

Sasa natakiwa kufikiri. Kuwa mbele si suala la miguu, ni suala la kuonekana. Nimeanza kushona traksuti. Kitambaa rangi ya papai bivu. Hakuna atakayeangalia nimefika wapi, wote watauliza nimeshona wapi.

Jumatatu, 7 Julai

Baridi ya Julai haina huruma. Akina mama kumi na kitu barabarani, midomo inatoa moshi. Traksuti imesifiwa. Hadi hapo mpango ulikuwa unakwenda vizuri.

Kisha wakaanza kutembea.

Wifi anatembea kama anayewahi treni. Kabla hatujamaliza nyumba za jirani pumzi imekata. Nikainama, nikasema kuna kokoto kwenye raba. Nikavua, nikakung'uta. Nikasema tangulieni, nawakuta. Walipopinda kona nikamwita Bartolomeo wa bodaboda, akanirudisha.

Nilisahau kwamba wao nao wangepinda kona kurudi. Wamenipita nimekaa nyuma ya Bartolomeo, raba moja mkononi. Wifi alinipungia tu, kwa upole. Ule upole umeniuma kuliko tusi.

Alhamisi, 10 Julai

Nimegundua kitu.

Wifi ametuwekea wote programu kwenye simu, inahesabu hatua. Asiyeweza kuja alfajiri atembee kwa muda wake, jioni atume namba yake kwenye grupu. Mimi siku tatu nimekuwa wa mwisho. Hata Kabula jirani yangu, mwenye kisukari, amenipita.

Leo nilikuwa nashona sare za shule. Simu ilinisumbua mezani, nikaichomeka kwenye soksi. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Nimekanyaga mpaka saa ya chakula. Nilipoitoa simu kupiga, namba imepanda mpaka nikadhani imeharibika.

Haijaharibika. Inahesabu mguu, haiulizi mguu unakwenda wapi.

Nimeirudisha kwenye soksi. Jioni nimetuma namba. Makofi yakaanza kumiminika kwenye grupu. Wifi hajaandika kitu.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya misa wamenizunguka nje ya kanisa. Mama Heri, siri nini? Nikasema ni nidhamu. Nikasema pia mtu asikate tamaa. Maneno yalikuwa yanakuja yenyewe.

Kabula alikuwa pale pembeni, amemsindikiza jirani mwingine. Yeye si Mkatoliki, kikundini alikaribishwa tu. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Akasema mayu, tangu nione namba zako na mimi nimepata nguvu. Ananiita mayu, mama kwa Kisukuma, ingawa yeye ndiye mkubwa.

Bartolomeo akaja na pikipiki yake kama kila Jumapili, akasimama mbele yangu, akapangusa siti. Akina mama wote wakatazama siti. Kisha wakanitazama mimi.

Nikamwambia Bartolomeo amenifananisha. Nimetembea kutoka kanisani mpaka nyumbani, nimevaa viatu vya misa. Visigino vinawaka. Gaspar ameuliza pikipiki imeharibika? Nimemwambia nilitaka hewa.

Jumatano, 16 Julai

Ubingwa una adha zake. Sina pa kupandia bodaboda. Kila kona ya Mpanda kuna mwanamke wa kikundi: anauza nyanya, ananunua mkaa, amesimama tu. Sokoni nimeenda kwa miguu. Kufuata vifungo na zipu, kwa miguu. Kupeleka gauni kwa mteja karibu na reli, kwa miguu. Natembea siku nzima ili watu waamini kwamba natembea. Ni kazi ya kuchosha sana na haina faida yoyote.

Leo nimeshindwa. Nilikuwa na jora la kitambaa, zito. Nikaingia bajaji, nikajifunika kitenge mpaka puani. Tulikuwa tunakwenda salama. Dereva akasimama kumpakia abiria mwingine. Wifi Getrude.

Akainama, akachungulia. Nikashuka haraka upande wa pili. Nikamwambia shikamoo, jambo ambalo halina maana, maana nimemzidi umri. Kisha nikaeleza kwamba aliyepanda ni kitambaa, mimi nilikuwa nakipakia tu.

Wifi akasema basi kiende. Akaketi karibu na kitambaa, bajaji ikaondoka nao wawili. Mimi nikafuata kwa miguu mpaka kibandani. Nilipofika jora liko mlangoni limeegemezwa vizuri, na yeye ameshaondoka.

Jumamosi, 19 Julai

Kabula hajaonekana siku mbili. Nimeenda kwake jioni, nikamkuta amekaa kwenye mkeka, mguu umenyooshwa. Goti limevimba kama boga.

Nikauliza ameanguka? Akasema hapana. Anatembea. Alfajiri anakwenda na kikundi, na jioni, akishapika, anatoka tena peke yake mpaka kwenye mashamba, kwa sababu kila akiangalia namba yangu, ya kwake bado iko mbali.

Nimekaa kwenye mkeka wake.

Kabula ana sukari. Mumewe yuko na ng'ombe porini miezi na miezi. Watoto wake wameolewa mbali. Akilala chini na mguu huu, nani wa kumchotea maji?

Nikajaribu kusema. Nikamwambia, "Kabula, zile namba siyo mimi. Ni mashine."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Kweli mayu, wewe ni mashine."

Nikasema simaanishi hivyo, namaanisha cherehani, simu, soksi. Akanipapasa bega. Akasema watu wenye nguvu kweli ndio hawajisifu, na hata baba yake alikuwa hivyo.

Nimechota maji, nimejaza ndoo zake zote, nimerudi nyumbani. Ugali haukupita. Gaspar akauliza nina nini, nikasema mwiba wa samaki. Tulikuwa tunakula maharage.

Jumanne, 22 Julai

Simu nimeitoa kwenye soksi. Nikishona inalala mezani kama simu nyingine.

Nimempeleka Kabula zahanati. Nilimpandisha bajaji, mimi nikatembea pembeni kwa sababu wanawake wawili wa kikundi walikuwa wanapita. Nesi akasema goti lipumzike wiki, halafu atembee taratibu, asishindane na mtu. Akaniuliza mimi naendeleaje na matembezi. Nikasema naendelea.

Jioni nimetuma namba ya kweli. Ni ndogo, ingawa siyo ndogo kama nilivyotegemea. Sielewi inatoka wapi. Grupu likauliza kulikoni bingwa. Nikaandika kwamba kuanzia sasa natembea na Kabula, kwa mwendo wa Kabula, na atakayetaka namba kubwa azitafute kwingine.

Makofi yakawa mengi kuliko ya kwanza. Watu hawatabiriki.

Jumatano, 30 Julai

Sketi yangu ya bluu imenidondoka mpaka nyongani nikiwa nampima mteja. Nimeikaza kiunoni. Vitambaa vya siku hizi vinavutika ovyo. Nitamlalamikia aliyeniuzia.

Kabula anatembea tena. Asubuhi tunazunguka nyumba zetu, kisha mpaka kwenye mti wa mwisho kabla ya mashamba, kisha tunarudi. Anachechemea kidogo. Hatukimbizani na mtu. Hatutoki hata jasho la maana, kwa hiyo haya siyahesabu kama mazoezi. Ni kumsindikiza mgonjwa.

Jumamosi, 2 Agosti

Matembezi makubwa ya kikundi, Misunkumilo mpaka stesheni ya treni. Wifi alitaka nibebe bango mbele. Nikakataa, nikasema niko na Kabula.

Tumekuwa wa mwisho tangu hatua ya kwanza. Bango likatokomea. Nyimbo zikatokomea. Tukabaki mimi na yeye na vumbi, na majani yaliyochomwa pembeni yakinuka moshi.

Kabula akaanza kusimulia. Walivyotoka kwao Usukumani, yeye ni bi harusi, wanaswaga ng'ombe mpaka huku. Alikuwa anatembea nyuma ya ng'ombe, amebeba chungu alichopewa na mama yake. Akasema usiku miguu ilikuwa inalia kama watoto, na mumewe akimwuliza umechoka, anasema bado. Nikamwuliza kwa nini alikuwa anasema bado. Akasema, "Ningesema nimechoka, ningewaza nyumbani."

Nikamwuliza chungu kiko wapi. Akasema kilivunjika walipofika. Siku ile ile, anakitua.

Tulicheka mpaka tukalazimika kusimama. Halafu yeye akawa analia kidogo na mimi nikawa naangalia upande mwingine, nikishika kiwiko chake.

Karibu na reli tukaona mtu anakuja kinyume na njia. Wifi Getrude, amebeba chupa za maji. Wenzake walikwishafika, wamekaa, wanakunywa soda. Yeye amerudi kutufuata. Akampa Kabula maji, akatembea nasi pale kipande cha mwisho, taratibu, bila kutupita.

Kabula alipokaa kupumzika, wifi akanisogelea. "Wifi, nilijua ni cherehani."

Nikainama kufunga kamba za raba.

Akasema alipita kibandani siku ya pili tu, akaona soksi imetuna na mguu unakwenda. Nikamwuliza kwa nini hakuniumbua kwenye grupu. Akasema angeniumbua ningerudi kwenye bodaboda.

Nimeliwaza hilo jioni nzima. Sijaelewa bodaboda imeingiaje.

Jumatano, 6 Agosti

Zahanati. Nesi kanifunga mkono, kapuliza, kaangalia, kanyamaza. Kanifunga mkono wa pili. Nikamwona mama pale jikoni.

Nesi akatabasamu. Presha imeshuka. Imeshuka vizuri, akasema, dawa peke yake haifanyi hivi. Akanipandisha kwenye mzani, nako akafurahi. Akaniuliza nimefanya nini.

Nimejibu kwa ukweli kwamba sijafanya chochote. Mazoezi yalinishinda siku ya kwanza. Baada ya hapo nilikuwa nakwenda tu sokoni, kanisani, kwa wateja, na kumsindikiza jirani. Nesi akaandika tena kitu kirefu.

Nimetoka nikiwa mwepesi. Njia nzima mpaka nyumbani nimelifikiria, na jibu liko wazi. Presha inashuka yenyewe mtu akitulia na kuacha kushindana. Kutembea kunasifiwa bure. Kuna wanawake wengi mji huu wanajitesa alfajiri kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Basi nitawaambia mimi. Nimezungumza na viongozi wa jumuiya, wamenipa nafasi Jumapili ya wiki ijayo, mjini. Mada nimeshaiandika: Namna ya Kushusha Presha Bila Kutembea. Wifi nilipomwambia aliinamisha kichwa muda mrefu, mabega yanatikisika. Nadhani imemgusa.

Kabula amekubali kuja. Tutaondoka mapema kwa miguu, taratibu, tupitie sokoni. Nataka muda wa kutosha njiani nimweleze vizuri yote nitakayosema.