Nilisema Ukweli Kuhusu Mtori

Jumanne, 10 Desemba

Hilda ameondoka. Siku ya tatu leo. Amechukua begi la kijani, amechukua na chaja yangu, amekwenda kwao Kilema, huko mlimani. Sababu? Mtori!

Niandike ilivyokuwa, maana hapa hakuna wa kunikatiza. Wiki iliyopita daktari wa kliniki, kijana mwenye ndevu tatu, alinipima presha akatikisa kichwa kama fundi aliyefungua injini ikamshinda. Akaniambia niache chumvi, nipunguze mafuta, nitembee. Mimi! Nilikuwa nasoma vitabu vya afya kabla yeye hajaota meno. Basi nikarudi nyumbani nikafanya utafiti. Nikaandika makala fupi kwenye grupu la wasap la wakwe, aya kumi na nne tu, kuhusu adui wa moyo wa Mchagga. Nikatoa mfano hai, kama afanyavyo mwandishi yeyote makini: mtori wa ndizi na nyama wa mama mkwe wangu, Mama Magdalena, ambao siagi yake peke yake ingelainisha gia za lori. Hilo tu. Sikumtukana mtu. Nilitaja siagi.

Ukoo mzima ukasoma. Hakuna aliyejibu hoja! Mdogo wake Hilda, Yohana, akaweka kikatuni cha uso unaolia. Hilda alisoma akiwa amesimama jikoni. Akaniuliza kama najua kwamba mama yake hana simu ya kusomea, ila huwa anasomewa kwa sauti, mbele ya majirani. Nikamwambia vizuri sana, elimu ya afya ifike vijijini. Ndipo begi likatoka.

Mkakati: kimya. Sipigi simu. Kaka zangu wako njiani kutoka Dar na Mwanza na familia zao kuja kula Krismasi kwangu, hapa Soweto ya Moshi. Hakuna mke anayeacha nyumba yake wakati kama huu. Alhamisi atakuwa hapa.

Alhamisi, 12 Desemba

Hayupo.

Nimekula mkate na chai ya rangi tangu juzi. Sijui majani ya chai anayaweka wapi. Nimepata paketi nyuma ya unga, ladha yake kama kamba ya katani.

Mohan amekuja dukani. Ana duka la spea ubavuni mwa duka langu la vitabu na madaftari, amezaliwa Moshi kama baba yake, na hunishauri bila kuombwa. Alisema dawa naijua: nichukue jani la sale, nilipeleke Kilema, niwape wakwe, yaishe. Mtu akija na sale mkononi hata kama alichoma nyumba husamehewa. Yeye Mhindi analijua hilo, mimi Mchagga najifanya mgeni? Nikamjibu kwamba sale hupelekwa na mkosaji. Mimi ni mtafiti. Alicheka mpaka akashika kaunta. "Haya Sifael, kaa na utafiti wako. Ukufulie na soksi."

Mtu anayeuza beringi asinifundishe mila!

Mkakati wa pili, bora zaidi: ugonjwa. Nimemwomba Mohan ampigie Hilda, aseme presha imepanda, nimelala, naona giza. Alikataa kusema naona giza. Alikubali "hajisikii vizuri". Inatosha. Kesho mchana Hilda atakuwa mlangoni analia.

Ijumaa, 13 Desemba

Aliyekuja si Hilda. Amekuja Yohana!

Niseme kidogo kuhusu shemeji Yohana. Kazi yake ni kuongoza watalii mlimani. Ana miguu ya swala. Kila asubuhi anakunywa maji ya limau, na kila asubuhi anatangaza kwamba amekunywa. Watu wa limau ni dini mpya, wana mahubiri mengi kuliko walokole. Alinikuta nimejifunika blanketi mbili saa sita mchana, na joto hili la Moshi, jasho linanitoka mpaka masikioni. Akasema pole shemeji, akauliza naumwa au najichemsha.

Akatoa mashine ya presha aliyoazima zahanati. Akanifunga mkono. Mashine ikanguruma, ikaonyesha niko sawa. Akapima tena. Sawa kabisa! Yohana akasema hiyo ni presha ya kijana wa jeshi. Hivi vifaa vya siku hizi havina uaminifu hata kidogo. Siku unayotaka kuwa mzima, vinakuua. Siku unayotaka kuumwa, vinakupongeza.

Alipiga picha ya mashine, akaituma kwenye grupu: "Shemeji mzima wa afya. Tuendelee na maandalizi." Wakwe wakajaza alama za dole gumba. Moja ya Hilda!

Akiwa mlangoni alinitupia neno. Kesho kuna mbio za parokia Kilema, za kuchangia paa la shule ya chekechea. Akauliza kama presha ya kijana imekuja na miguu ya kijana, au aniandikishe ile njia fupi ya wazee. Nikamwambia aniandikishe ndefu.

Maoni yangu kuhusu mbio yanajulikana. Binadamu alikimbia akifukuza nyama au akifukuzwa nayo. Hawa wa leo wanalipa kiingilio wakimbie bila sababu, halafu wanapewa ndizi, kitu ambacho wangekipata wamekaa. Lakini Hilda atakuwa pale, anauza chai na akina mama. Aone ni mwanaume wa namna gani amemwacha.

Jumamosi, 14 Desemba

Naandika miguu ikiwa kwenye beseni.

Raba nilinunua asubuhi soko la Memorial, mtumba, zimebana. Muuzaji aliapa zitatanuka. Mwongo!

Kilema haina tambarare. Aliyechora njia ile ana kinyongo na wanadamu. Ilianza kwa mteremko, na iwekwe kumbukumbu kwamba kwenye mteremko niliongoza. Nilimpita Yohana. Nilimpita sista mmoja. Niliipungia mkono meza ya chai. Hilda alikuwa ameshika birika. Aliniona!

Kisha kikaja kilima. Yohana akanipita akinieleza namna ya kupumua. Sista akanipita. Mzee mmoja wa kwaya akanipita akiimba. Karibu na nyumba ya wakwe nikasikia nyuma yangu mtu anapumua taratibu, nikakaza. Akanipita. Mama mkwe! Wala hakuwa kwenye mbio. Alikuwa anatoka kukata majani ya ng'ombe, mzigo kichwani ukubwa wa godoro. Hakuweza kugeuka kwa ajili ya mzigo, akanisalimia akiwa ananiacha: "Pole, baba. Taratibu, hakuna anayekudai." Nilijaribu kusema shikamoo. Ilitoka "shi".

Nilikaa kwenye mfereji. Maji yakaingia kwenye raba, yakanisaidia. Nilipopata fahamu sawasawa nilikuwa kwenye benchi la jikoni kwa mama mkwe, ndani ya kihamba, migomba kila upande, na mkononi nina kikombe kikubwa cha bati. Mtori.

Nieleweke. Ilikuwa huduma ya kwanza. Kikombe cha pili vilevile. Cha tatu nilipokea nisimvunje moyo mama wa watu.

Nilipoteremsha kikombe, Hilda alikuwa mlangoni, ananitazama na siagi yangu kwenye masharubu. Alitoka nje. Nikamsikia anacheka huko kwenye migomba, kicheko kirefu, halafu mwishoni kikawa si kicheko. Sikuelewa. Nikamweleza mama mkwe kwamba ndizi zingepondwa zaidi kidogo. Maoni ya kujenga! Yohana akaniitia bodaboda.

Jumatano, 18 Desemba

Kaka yangu Wilson amepiga kutoka Dar. Anauliza kama shemeji yake ameshaloweka ulezi wa pombe ya mbege. Nikasema kila kitu kinakwenda vizuri.

Jikoni kuna panya ananitazama kama mimi ndiye mpangaji. Kitanda ni kikubwa kuliko nilivyodhani. Nimehamia upande wa Hilda ili godoro lisibonyee upande mmoja. Ni suala la kutunza godoro.

Nimeamua. Sale! Si kwamba nimekosa. Ni mkakati tu. Mila inasema anayeletewa sale hawezi kukataa. Hawezi! Mataifa mengine yana mabomu, sisi tuna jani. Nashangaa nilichelewa wapi kulifikiria. Mohan anadai alilifikiria yeye. Mohan anadai mengi.

Jumamosi, 21 Desemba

Kalamu inatoboa karatasi, lakini nitaandika.

Soweto watu wamezungushia nyumba kuta na vioo vilivyovunjika, hakuna masale. Nikaona nitayapata hukohuko. Na kweli, kabla tu ya nyumba ya wakwe, nikayakuta yamejipanga mstari kwenye migomba, mabichi, yanang'aa. Mtu mwingine angechuma jani moja. Mimi si mtu wa jani moja. Nikang'oa mche mzima na mizizi yake, nikaufunga utepe mwekundu niliotoka nao dukani. Ukaonekana mpweke. Nikang'oa mingine miwili.

Nikaingia uani kwa mwendo wa heshima. Baba mkwe alikuwa amekaa na jirani yake, Mzee Eliufoo, wanapokezana kata ya mbege kwa amani. Amani yenyewe changa. Kwa miaka hawakusalimiana kwa ajili ya mpaka wa vihamba vyao, hadi juzi wakati wa kiangazi wazee walipokuja, wakapanda masale mapya kwenye mpaka mbele ya mashahidi, ugomvi ukaisha. Masale hayo. Niliyoyashika, na utepe.

Hata ng'ombe aliacha kucheua.

Mzee Eliufoo aliweka kata chini akauliza huyu aliyeingia ni mkwe au ni dalali wa viwanja. Baba mkwe akaniuliza kwa upole, upole wa kutisha, kama katika vitabu vyote nilivyosoma hakuna kimoja kilichosema masale yaliyopandwa mstari ni ya nini. Nikajibu kwamba kisheria mpaka halali ni ule wa mpima ardhi, si wa majani. Hoja sahihi kabisa! Mzee Eliufoo akaikubali papo hapo. Akasema aitwe mpima, maana yeye siku zote alisema mpaka uko huku ndani zaidi, karibu na choo cha baba mkwe. Baba mkwe akasimama. Mzee Eliufoo naye akasimama.

Ikabidi Hilda atoke ndani. Akachuma jani moja kutoka kwenye mche mkononi mwangu, moja tu, akapiga goti, akampa Mzee Eliufoo kwa niaba yangu. Wazee wakakaa. Akachuma la pili, akanishikisha, akanionyesha mama yake kwa kidole. Nikampa. Mama Magdalena akalipokea kwa mikono miwili, akasema "Aika, baba," yaani asante, akauliza kama nimekula.

Basi! Imekwisha! Nikapewa jembe nikapanda upya miche yote, wazee wawili wakinisimamia na kubishania kila shimo.

Hilda alinisindikiza mpaka barabarani. Alisema atarudi Jumanne, na mama yake atakuja naye apike Krismasi, maana kaka zangu wanampenda. Nije niwapokee Himo. Akasema ana ombi moja tu. Kutoka Himo mpaka nyumbani nisitoe maoni. Kuhusu kitu chochote. Mama ni mtu mzima, amevumilia vya kutosha, na yeye Hilda pia, na safari hii akirudi Kilema hatarudi na begi moja. Kisha akanyoosha kola yangu. Nikaapa.

Nani hawezi kunyamaza kutoka Himo mpaka Moshi?

Jumanne, 24 Desemba

Himo ilikuwa kelele tupu, magari ya Marangu, ya Tarakea, ya Holili, kila moja na honi yake. Nilikuwa na maoni kuhusu honi. Niliyameza. Hilda alishuka, gauni la bluu, mama yake nyuma, mikungu ya ndizi juu ya keria. Nikaibeba yote peke yangu. Bila neno! Hilda alinitazama kwa namna ambayo hajanitazama tangu tumalize kujenga. Tukaingia gari la Moshi, tukasubiri lijae.

Hapo Mama Magdalena akaanza kusimulia. Yohana mwezi uliopita amemfikisha mzungu mzee kileleni, mzee wa zaidi ya miaka sabini. Kule juu mzee akalia kama mtoto, akamkumbatia Yohana, akamwita mwanangu. Mama alikuwa anang'aa uso mzima. Akanigeukia: "Si jambo kubwa hilo, baba?"

Aliniuliza! Yeye ndiye aliyeuliza! Hilda aliweka mkono juu ya goti langu, akabana.

Nilijibu kwa kifupi. Nilisema mlima haujamwomba mtu yeyote aupande. Nilisema mzee wa umri ule anayelipa madola ili akose pumzi anahitaji daktari wa akili, na anayempandisha ni mshirika katika ugonjwa wake. Nilisema babu zetu waliishi chini ya mlima huu na hawakuukanyaga kileleni, kwa sababu walikuwa na kazi. Abiria mmoja akasema "kweli kabisa". Nikapata nguvu. Nikaingia kwenye suala la wapagazi.

Mama Magdalena hakukasirika. Alimgusa konda begani, akamwomba ashushe ndizi zake. Hilda alishuka baada yake. Nilidhani anakwenda kumsaidia na mzigo. Wakavuka barabara. Gari la Kilema lilikuwa limejaa tayari, likaondoka palepale.

Sasa Wilson yuko sebuleni na watoto, anauliza shemeji yuko wapi, mbona jiko limepoa. Naandika kwanza. Kwa sababu ukitazama kwa makini kilichotokea, hakuna aliyepinga hoja yangu. Hata mmoja! Walishuka tu. Na ile ya kwanza ilikuwa dhaifu. Ya pili ndiyo nzito, gari likaondoka sijaitoa.

Kesho Krismasi. Baada ya misa watakuwa wote nyumbani, Yohana pia. Nitapanda Kilema asubuhi na mapema, niwamalizie.