Uso wa Mlangoni

Jumatatu, 8 Julai
Nimesikia kwa masikio yangu! Bosi Luan anatafuta sura ya mwanamke wa kuweka kwenye bango, mlangoni pa duka letu la chai. Nani mwingine kama si mimi? Shule nzima iliniita Macho Mistari. Sasa jiji zima la Qingdao lipite likinitazama. Nimebandika utepe mpya wa kope, ule wa kuinua kope ili macho yawe makubwa; yako wazi kama nimeona jini. Krimu ya weupe, tabaka mbili.

Jumanne
Balaa! Shuyan, mwenzangu wa kaunta, kaja kaiva kwa jua, macho membamba vilevile alivyozaliwa, na mashavuni kajichorea madoadoa kwa penseli. Kajichorea! Mimi yangu nimeyasugua tangu utotoni. Bosi akasema hiyo ndiyo sura ya sasa. Nikamuuliza Shuyan kulikoni. Eti amechoka kuhangaika na macho kila asubuhi. Hanidanganyi, mjanja yule.

Jumatano
Mapumziko. Sina utepe, sina mwavuli, nimejilaza ufukweni niive. Mama akafoka: we Peilin, bibi yako kaungua shambani ili wewe ukae kivulini, leo jua unalifuata mwenyewe? Nikamwambia uzuri umebadilika. Akauliza kaubadilisha nani. Swali hilo! Nikaliwaza mpaka usingizi ukanichukua.

Alhamisi
Maskini mimi. Jana nilipolala, Mama alinihurumia akanivisha soksi yake ya kichwani, ile ya kuzuia jua wanayoogelea nayo wamama wote hapa. Uso mweupe pe, ila kwenye matundu ya macho, pua na mdomo: nyekundu ndu! Mtoto wa mteja kaniona, kalia. Mchana Mama kaniletea chakula akitoka baharini, na soksi yake ya rangi ya chungwa kichwani. Wateja wakapanga foleni kupiga naye picha. Bosi akawa anatabasamu peke yake. Sikupenda.

Ijumaa
Bango limetundikwa. Ni Mama! Soksi mpaka shingoni, kikombe mkononi. Shuyan kacheka mpaka kakaa chini, akasema yeye wala hakuomba kuwekwa kwenye bango. Mama alisimama pale muda mrefu. Akaniambia tangu azaliwe hakuna mtu aliyetaka kumtazama mara mbili. Roho ikaniuma, nikamshika mkono.

Lakini sasa nimeelewa siri ya uzuri. Nimeagiza soksi mbili za rangi ya chungwa. Matundu ya macho nitayapanua kwa mkasi, ili utepe wa kope uonekane vizuri.