Jinsi Stejărița Ilivyoipita Uswidi kwa Mwendo wa Taratibu

Mheshimiwa Meya wetu. Waheshimiwa Madiwani mliofika na mlio njiani. Baba Padri Anfilohie wa kanisa letu la Kiorthodoksi pamoja na mkewe, mama yetu mpendwa. Mkuu wa Kituo cha Polisi, ambaye yuko likizo lakini ametuma salamu. Mwalimu Mkuu, na Mwalimu Mkuu Mstaafu, ambaye kwetu sisi bado ni Mkuu. Mwenyekiti wa Chama cha Wafuga Nyuki. Mwakilishi wa Wazima Moto wa Kujitolea. Wazee, akina mama, vijana, na wengine wote ambao itifaki imewazingatia hata pale ilipowasahau. Habari za mchana.

(Nzuri, tukasema. Tulikuwa kwenye ukumbi wa kijiji, Jumapili, tumetoka kanisani na njaa zetu. Aliyesimama mbele ni Sever Bălănescu, diwani wa mkoa, ambaye alipokuwa mdogo nilimshusha kwenye mcheri wangu kwa fimbo. Maneno yake nimeyaandika kama alivyoyatoa. Ya ndani ya mabano ni yangu, maana mtu hawezi kuandika mambo yale mfululizo bila kupumua.)

Ndugu wananchi wa Stejărița, ninasimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyo na kipimo na ripoti yenye kurasa mia mbili na kumi na nne, nikiwa katika nafasi yangu ya Mwenyekiti wa Kamati ya Mkoa ya Ulinganifu wa Viwango vya Uendeshaji na Usalama Barabarani katika Nchi za Ulaya, kamati ambayo, kama mjuavyo, niliiasisi, ninaiongoza, na kwa sasa ndimi mjumbe wake mwenye mahudhurio bora kuliko wote. (Makofi kutoka safu ya kwanza, wanakokaa wafanyakazi wa ofisi ya meya.)

Nimekuja kuwapa mrejesho kuhusu jambo lililo moyoni mwa kila mmoja wetu, yaani Mradi Mkakati wa Kivuko cha Kisasa chenye Mistari na Taa, mradi ambao kwa upande wa dira umekamilika kwa asilimia mia moja, kwa upande wa maandalizi ya kifikra kwa asilimia tisini na mbili, na kwa upande wa utekelezaji wenyewe uko katika hatua ambayo wataalamu wanaiita hatua nyeti.

(Sasa sikilizeni hatua nyeti. Barabara kuu ya taifa imepita katikati ya kijiji kama kisu katikati ya keki. Huku kwetu kuna kanisa na ukumbi, ng'ambo kuna duka la mikate na zahanati. Malori yanapita usiku na mchana. Jirani yangu Glicheria, tumetenganishwa na uzio tu, msimu wa kuchuma plamu alikwanguliwa na kioo cha lori akiwa kashavuka nusu, nyonga ikavunjika. Sasa anatembelea mkongojo wa miguu minne, na kila asubuhi anatakiwa kuchomwa sindano ng'ambo. Ijumaa alisimama ukingoni dakika arobaini, hakuna aliyesimamisha gari, akarudi bila sindano. Mguu umevimba kama mkate uliozidiwa hamira. Alikuwa amekaa pembeni yangu, kavaa kitambaa chake cha sikukuu, akisubiri kusikia neno moja tu: lini.)

Lakini ndugu zangu, kabla mtu hajachora mstari mmoja barabarani ni lazima ajiulize: wenzetu wanachoraje? Ndiyo maana, kwa kujinyima na kwa kuiacha familia yangu, nilisafiri siku thelathini na moja katika nchi saba, nikivuka barabara. Naomba mnielewe vizuri. Sikwenda kutalii. Nilivuka barabara mara mia nne na sitini na mbili, kwa miguu hii mnayoiona.

(Akanyanyua mguu mmoja tuuone. Viatu vipya.)

Nikianza na Uswidi. Katika Uswidi, ndugu wananchi, nilisogea tu ukingoni nipate kufunga kamba ya kiatu, magari matatu yakasimama, na basi likasimama nyuma yake, na wote wakanitazama kwa upole wa kutisha, mpaka nikaona aibu nikavuka, ingawa huko ng'ambo sikuwa na shida yoyote. Nilipofika ng'ambo nikataka kurudi. Wakasimama tena. Nilivuka mara sita kwa heshima yao, na nikaandika kwenye jedwali: utayari wa kusimama, wa juu sana.

Katika Ujerumani nilikuta barabara tupu, hakuna gari, hakuna hata vumbi, ila taa ya waenda kwa miguu ilikuwa nyekundu, nami kwa haraka za kikazi nikavuka, ndipo mama mmoja aliyekuwa kamshika mjukuu mkono akanikemea mbele za watu kwamba nafundisha watoto ushenzi. (Safi, nikasema kwa sauti. Huyo ningemkaribisha supu.) Nikaandika: ushiriki wa jamii, wa juu.

Katika Uholanzi sikugongwa na gari hata mara moja, kwani nilikuwa nimekwishagongwa na baiskeli, ya mwanamke aliyebeba watoto wawili mbele na mfuko wa viazi nyuma, ambaye badala ya kuomba radhi alipiga kengele. Nikaandika: mfumo wa tahadhari kwa sauti, unafanya kazi.

Katika Italia nilisimama kwenye mistari myeupe robo saa nikisubiri, mpaka mzee mmoja aliyekuwa anakunywa kahawa mlangoni akaniambia, "Bwana, hapa ukisubiri utazeeka. Unamtazama dereva machoni, halafu unakwenda kama mwenye barabara." Nikamtazama dereva machoni. Akanitazama. Tukatazamana. Nikarudi hotelini. (Kicheko. Hata padri.)

Kuhusu Ufaransa, Ureno na Ugiriki, taarifa zipo kwenye viambatisho, pamoja na picha za vyakula, ambavyo navyo ni sehemu ya mazingira ya barabara.

(Hapo Glicheria akachoka. Akashika mkongojo wake, akainuka taratibu kama mtu anayepanda ngazi, na vichwa vyote vikageuka kwa sababu ule mkongojo unalia ukiubana sakafuni.

"Sever, mwanangu," akasema, "Waswidi wamesimama, nimefurahi. Mimi nauliza taa yetu. Inawaka lini?"

"Bibi Glicheria, swali zuri mno, na nitalifikia kwenye ukurasa wa mia na themanini."

"Mimi sina kurasa mia na themanini. Nina mguu mmoja. Niambie mwezi."

"Mama, tuheshimu utaratibu wa kikao."

"Wewe ulipokuwa unaharisha, mama yako yuko hospitali, nani alikuosha? Uliniambia nifuate utaratibu?"

Watu wakacheka mpaka viti vikalia. Sever akanywa maji.)

Naam. Naam, ndugu wananchi, nashukuru kwa mchango huo wa kutoka chini kabisa, yaani ngazi ya jamii. Sasa nifike kwenye kiini. Kitaalamu, taa haipandwi kama kitunguu, kwamba penye udongo unachomeka. Taa hutolewa kwa kijiji kilichothibitika kuwa ni hatarishi. Kwa hiyo katika mwezi wa tano, kwa muda wa siku kumi na nne, Kamati yangu ilifunga kwenye nguzo iliyo mkabala na kanisa kisanduku cha kijivu, chenye jicho dogo la kioo, ambacho kazi yake ilikuwa kupima mwendo wa kila chombo kinachopita hapa, usiku na mchana, na kuulinganisha na mwendo wa vijiji vya aina hii katika zile nchi saba. Kanuni zinakataza wananchi kuambiwa, ili waendeshe kama kawaida yao.

(Kila mtu alikuwa anakikumbuka kile kisanduku, na kila mtu alikuwa anajua alichokifanya. Sisi tulidhani ni tochi ya polisi, ile ya kuwanasa wanaokimbiza magari. Siku ile ile kilipofungwa, kabla hata fundi hajashuka ngazi, habari zilishafika mpaka kwenye kituo cha mafuta. Na desturi yetu mnaijua: ukiona tochi, unampigia taa kila anayekuja mbele yako, umjue usimjue, mradi asiliwe na polisi. Mtu asiyepiga taa hapa kwetu hasalimiwi. Kwa siku kumi na nne taa zilipigwa mchana kweupe kutoka daraja la juu mpaka kinu cha chini. Malori yakawa yanaingia kijijini yananyata. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa kwenye benchi langu la getini na kila lori nikilipungia mkono wa chini chini, polepole, polepole, na nikajiona nimefanya jambo la maana. Siombi radhi. Nani alikuja kuniuliza?)

Na matokeo, ndugu wananchi, matokeo. Nilipoyaona niliyarudia mara tatu, nikavua miwani, nikaifuta, nikayarudia. Wastani wa mwendo katika Stejărița ni kilomita thelathini na moja kwa saa. Uswidi, thelathini na tisa. Ujerumani, arobaini na nne. Italia, mashine iliibiwa. Katika nchi saba na ya nane yetu, hakuna kijiji, narudia, hakuna kijiji ambacho madereva wake wamepita kwa adabu, utulivu na ukomavu wa kiraia kama Stejărița. Chombo kimoja tu kilizidisha, saa kumi na mbili asubuhi siku ya Jumapili, na kwa heshima ya kanisa sitakitaja. (Watu wakageuka. Padri Anfilohie akaanza kutafuta kitu kwenye mfuko wa kanzu.)

Sisi, ambao gazeti moja la mji mkuu linatuita wachinjaji wa barabarani, sisi tumekaa juu ya Uswidi. Naona fahari. Naona fahari kiasi kwamba nilishindwa kula chakula cha jioni, na mnanifahamu. Ramani ya Ulaya itakayotolewa na Kamati yangu itaonyesha kijiji hiki kwa rangi ya kijani iliyokoza, na pale mlangoni mwa kijiji litawekwa bango, si la kuonya, la kupongeza. (Makofi ya safu ya kwanza. Sisi wengine mikono ilikuwa mapajani.)

Kwa hiyo naomba nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru Meya, kwa kutoniuliza chochote. Nayashukuru mataifa saba kwa barabara zao. Na zaidi ya wote nawashukuru ninyi madereva wa Stejărița, kwani kijiji kisicho na hatari hakiombewi taa, na kwa uungwana wenu mmeliepusha taifa na mradi ambao, kwa kuwa hamkuuhitaji, haukuwahi kuombwa, haukuwahi kuchorwa, wala hakuna karatasi popote iliyowahi kubeba jina lake isipokuwa hii hotuba.

(Hakuna aliyepiga makofi. Hata safu ya kwanza.)

Na kama alama ya heshima, Kamati imeamua kumpa cheti dereva mmoja ambaye picha za kisanduku zilionyesha amepita mara mia moja na kumi na mbili katika siku kumi na nne, kila mara kwa mwendo wa farasi mzee, na kila mara taa zake za mbele zikiwaka na kuzimika, jambo ambalo wataalamu wetu wamelitafsiri kuwa ni salamu kwa waenda kwa miguu. Naye ni dereva wa gari la mikate, Bwana Neculai, mtoto wa Bibi yetu Glicheria. Bwana Neculai, njoo mbele.

(Neculai ni mwanamume wa miaka hamsini na mbili, mabega kama kabati. Alikuwa kasimama nyuma, kando ya mlango. Hakuja mbele.

"Neculai," mama yake akaita, bila kugeuka.

"Mama, nilidhani ni polisi."

"Mara mia moja na kumi na mbili?"

"Kila mtu alikuwa anapiga taa, mama. Ningeonekanaje?"

"Nenda kachukue cheti chako."

Akaenda. Njia nzima akitazama sakafu. Sever akamshika mkono muda mrefu, mpiga picha wa ofisi ya meya akapiga mbili.)

Ndugu wananchi, tusimame wote tuseme pamoja. Stejărița, juu ya Uswidi. (Watu watano.) Taa ya kwanza ni dhamira yako. (Watatu.) Barabara ni yetu sote. (Wafuga nyuki peke yao, maana wao husimama kwa jambo lolote.) Ahsanteni sana, Mungu awabariki, vitafunio viko nyuma.

(Hakuna aliyekwenda kwenye vitafunio. Glicheria alimsubiri mwanawe afike na kile cheti chenye fremu ya dhahabu, akakichukua, akakigeuza huku na huku, akakigonga kwa kidole kujua ni mbao au ni karatasi ngumu. Ilikuwa mbao.

"Kizito," akasema. "Kinaonekana kwa mbali?"

"Kinang'aa, mama."

"Vizuri. Kesho saa mbili asubuhi nina sindano. Mikate itasubiri. Utasimama katikati ya barabara, umekinyanyua juu kwa mikono miwili, hivi, mpaka mimi nifike ng'ambo. Na unajua mwendo wangu."

"Na malori, mama?"

"Watazame machoni.")