Saa Moja na Mvumaji Mkia-Mweupe

Jumatatu, 2 Machi

Nimerudi Tobago! Siku sita kamili. Jumapili meli, Jumatatu inayofuata ofisi mpya kule Port of Spain, nigonge mihuri chini ya kiyoyozi mpaka nizeeke. Kwa hiyo wiki hii nataka kitu kimoja tu: saa moja, peke yangu, katika msitu ulio juu ya kijiji, nimwone mvumaji mkia-mweupe. Ndege mdogo wa kijani, koo la zambarau. Huning'inia hewani mbele ya ua kama aliyesahau kutua. Chuoni niliandika kurasa arobaini juu yake. Sijapata kumwona.

Lazima niwe peke yangu. Ndege wa namna hiyo huonwa kwa moyo mtulivu, na kijiji hiki hakijapata kumwachia mtu moyo mtulivu.

Nimemwambia Shangazi Ermine kwamba kichwa kinaniuma, nitalala hadi jioni. Mpango: dirisha, uani, msitu. Shangazi ameleta kiti, chai ya majani machungu na Mama Verlyn wa kanisani. Wameketi miguuni pangu hadi saa kumi wakijadili vichwa vya ukoo wetu, kimoja kimoja. Mama Verlyn amesema cha babu yangu nacho kilikuwa hivihivi, kikubwa na kinauma bure. Vikombe vitatu!

Hata hivyo, dirishani mti wa poui umechanua, manjano tupu, hauna jani hata moja. Nimeutazama mchana kutwa. Sikupata hasara yote.

Jumanne, 3 Machi

Kosa la kijinga. Nimesema naenda mtoni kuoga. Mimi, mzaliwa wa hapa! Nilisahauje kwamba hapa hakuna anayekwenda mtoni bila sufuria? Kabla sijafunga viatu, binamu yangu Kezron alikuwa amepiga honi mbele ya nyumba sita. Watu kumi na wanne, bata wawili, mashelisheli, spika kubwa kama jokofu. Nimepewa vitunguu nimenye. Nilipojaribu kuchepuka kupanda juu kando ya mto, watatu walinifuata ili nisiteleze.

Shukrani mbili. Mchuzi wa bata. Na ndege mwingine, wa mkia mrefu wenye vishada viwili, anayeuchezesha kushoto na kulia kama timazi ya saa ya ukutani: ameshuka akanyakua shelisheli kwenye sahani ya Kezron. Kezron amemwita mwizi na kumpa salamu za mama yake. Nimecheka mpaka machozi yakanitoka, vitunguu vikasingiziwa.

Jumatano, 4 Machi

Kisingizio kitakatifu! Nimesema naenda mlimani kufunga na kuomba, mimi na Mungu wangu tu. Nani atathubutu kuingia kati?

Mama Verlyn. Pamoja na kikundi kizima cha akina mama, na matari yao. Amesema amengoja miaka saba msomi wa kijiji hiki aelewe. Tumeomba kwa saa mbili mahali pa ajabu: migomba-mwitu kila upande, maua yake mekundu kama makucha ya kaa aliyechemshwa. Ndilo hasa ua analolipenda mvumaji! Kwa kila haleluya nimeona kitu cha kijani kikikimbia. Labda ni jani.

Nimeombewa mume. Sikuwatuma. Halafu kwa kuwa nimefunga, Shangazi hakunipakulia chakula cha mchana.

Alhamisi, 5 Machi

Kezron amemwona. KEZRON! Alisimamisha gari kwenye kona ya barabara ya msituni ili ajisaidie, ndege akaja kuning'inia mbele ya pua yake. Mtu asiyetofautisha bata na kuku mpaka waive!

Nimemhoji kama hakimu. Mkia? Mweupe, kama taulo jipya. Koo? "La zambarau, Profesa, au wewe ulimwagizia rangi gani?" Alikaa muda gani? Akasema mpaka ikawa aibu. Kisha, kwa upole unaochoma, akaongeza kwamba si mara ya kwanza. Ni ya nne.

Nimekataa chakula cha jioni kwa hasira. Baadaye nimekila.

Ijumaa, 6 Machi

Nimesema nina miadi na mwanamume. Niliwaza kwamba watu huwaachia wapendanao faragha. Sijui niliwaza watu wa kisiwa gani.

Nimefika kwenye migomba-mwitu saa tatu asubuhi. Nimeketi. Dakika nne za ukimya! Zimeushinda mwaka wangu wote wa tatu chuoni. Harufu ya udongo mbichi. Kipepeo wa bluu, mkubwa kama kiganja, akipita bila haraka. Kisha kichaka kikapiga chafya.

Shangazi Ermine, Mama Verlyn, na Kezron kwa ajili ya usalama. Shangazi akauliza yuko wapi huyo bwana. Nikasema hakuja. Wote watatu wakakasirika kwa niaba yangu! Kezron akaapa atamtafuta na kumkunja shati. Mama Verlyn akasema mwanamume asiyetokea asubuhi, jioni usimpikie. Shangazi alinishika mkono njia nzima hadi nyumbani, kama nina miaka mitano.

Nimeona aibu mno kwamba nimewadanganya. Kwa hiyo sikusema ukweli.

Jumamosi, 7 Machi

Siku ya mwisho. Kijiji kimeamua kunifariji. Sufuria tatu! Wamechagua palepale kwenye migomba-mwitu, eti nizike huzuni ilikozaliwa. Nimekata tamaa, nikashika mwiko. Kaa wa bizari na matonge ya unga. Nilikuwa nakoroga, sitazami popote.

Akaja.

Alifuata kofia nyekundu ya Kezron. Akaning'inia mbele yake, akiikagua kama ua lenye kasoro. Niliweza kusema neno moja tu: ndiye. Na watu wenye kelele kuliko wote katika Karibi wakanyamaza. Mtu akazima spika. Mama Verlyn akalikumbatia tari lisilie. Kezron akasimama kama nguzo. Sisimizi wakali walikuwa wanampanda mguuni, niliwaona. Yeye hakumtazama ndege hata kidogo. Alinitazama mimi, ajue kama ninaona.

Niliona. Koo la zambarau. Mkia kama taulo jipya, kweli kabisa. Katika kurasa zangu zote arobaini hakuna maneno mazuri kama hayo. Nilisikia mabawa. Nilisikia na tumbo la Kezron. Ndege akanywa ua la kwanza, la pili, la tatu, akaenda zake.

Ndipo Kezron akapiga ukunga na kuvua suruali mbele ya kikundi kizima cha akina mama.

Asante, Mungu. Asante kwa kila mmoja wao. Peke yangu nisingemwona: mimi sina kofia nyekundu.

Jumapili, 8 Machi

Nimetafakari sana asubuhi hii, na nimefikia jambo zito. Jana nilimwona mbele ya watu kumi na wanne. Kwa hiyo haihesabiki.

Nimemwandikia mkuu wangu mpya kwamba mguu umeteguka, naomba siku tatu. Amenipa pole. Meli imeondoka bila mimi. Kofia ya Kezron iko chini ya mto wangu, hajui. Kesho alfajiri, msituni, kwa saa moja nzima, mimi na ndege tu.

Safari hii hakuna atakayejua. Nimemwambia Shangazi Ermine peke yake, naye ameapa kwa Biblia kuwa hatafungua mdomo. Ameniuliza tu kama bata mmoja atatosha.